Programu ya Kulaza Diski

Mdogo wangu alirudi nyumbani Bigwa nyuma ya pikapu ya kukodi, amelazwa juu ya godoro lake mwenyewe, na pembeni yake, imefungwa kwa shuka na kamba ya katani, ilikuwepo kompyuta. Dereva alitaka kuishusha kompyuta kwanza kwa sababu ndiyo iliyoziba njia. Mama akamwambia, "Mshushe mtu kwanza, baba. Hilo debe litasubiri."

Tulimshusha watatu, na hatukuhitaji watatu. Alikuwa mwepesi kama mzigo wa majani makavu. Mama alimshika miguu, akageuza uso pembeni, na tangu siku hiyo hadi tulipomzika sikumwona mama akimtazama mwanawe kwa macho yaliyotulia.

Alikuwa mwalimu wa kompyuta chuoni Mzumbe. Mkewe alikuwa ametangulia kufa, na watoto wao walichukuliwa na wazazi wa mke huko Iringa. Ugonjwa wenyewe haukutajwa kwa jina mbele ya watu. Majirani walisema anaumwa kifua. Vijana wa mjini walisema amekanyaga miwaya, yaani ana ule usiotajwa. Yeye alipolisikia neno hilo likipita dirishani alitabasamu, akasema, "Na kweli, kazi yangu ni waya." Dawa zilikuwepo duniani, tulizisikia redioni, lakini zilikuwa dawa za nchi nyingine. Hospitalini siku hizo mgonjwa alikwenda na glavu zake, dripu yake na sindano yake, na akifika nazo aliambiwa kitanda hakuna. Ndiyo maana chuo kilipompa likizo ya ugonjwa alisema apelekwe kwa dada yake.

Dada ndiye mimi. Nilikuwa nafundisha shule ya msingi, darasa la nne na la tano. Mume wangu alikuwa fundi katika kiwanda cha mjini mpaka kiwanda kilipouzwa. Aliyekinunua akang'oa mashine, akageuza jengo kuwa ghala. Mume wangu akaenda Kisaki kununua ufuta na kuupakia kwenye treni, akawa anarudi pale biashara inapomruhusu, yaani mara chache. Kwa hiyo nyumbani tulikuwa mimi, mama aliyeteremka kutoka mlimani kuja kuuguza, na mgonjwa. Na kompyuta.

Ilikuwa ya mtumba, kama karibu kila kitu tulichokuwa nacho miaka ile. Soko lilipofunguliwa vilikuja viatu vilivyokwisha kuvaliwa Ulaya, yakafuata majokofu, na baadaye zikaja kompyuta ambazo ofisi za huko zilikuwa zimezichoka. Mdogo wangu aliinunua hiyo yake Dar es Salaam, akafuta kila kilichokuwemo ndani, akaweka mfumo usio na picha wala vitu vya kubofya. Kilikuwa kioo cheusi tu chenye herufi nyeupe na kistari kinachopepesa, kikingoja uandike amri. Aliipenda hivyo. Alisema mashine ya picha inakufanya mtazamaji, lakini ile inakulazimisha kusema unachotaka.

Tuliiweka chumbani kwake juu ya meza ya kusahihishia madaftari, tukaisogeza meza hadi kitandani ili aweze kuandika akiwa ameegemea mto. Alikuwa anaandika kitabu. Kilikuwa kitabu cha kufundisha kompyuta kwa Kiswahili, tangu kuiwasha hadi kuiamuru, kwa ajili ya wanafunzi waliotoka shule kama ninayofundisha mimi. "Hawashindwi kompyuta," aliniambia, "wanashindwa Kiingereza. Halafu wanaondoka wakiamini wameshindwa kompyuta." Sura nyingi zilikuwa tayari. Zilizobaki alitaka kuzimaliza kabla hajamalizika yeye. Hakulisema hilo kwa huzuni, alilisema kama mtu anayepanga vipindi vya muhula.

Tatizo lilikuwa mlio. Ndani ya kompyuta mnakaa diski, sahani ngumu za chuma zinazozunguka kwa kasi, na humo ndimo kila kitu huhifadhiwa. Diski ya mdogo wangu ilikuwa imezeeka. Ilipiga kelele nyembamba isiyokatika, kama mbu aliyekwama sikioni, na chumba chenye bati bila dari kiliikuza. Yeye usiku hakulala kwa sababu ya kikohozi na jasho. Usingizi wake ulikuwa wa mchana, na mchana ndipo mlio ule ulipomtafuna.

"Si tuizime?" nilimwambia. "Ukitaka kuandika nakuwashia."

"Ikizimwa na kuwashwa inachukua muda mrefu kuamka, inajikagua yote. Mimi nguvu zinanijia kidogo kidogo, dada. Zikija halafu nikaanza kuingoja mashine, zinaondoka."

Nilielewa. Nilikuwa nimeona jinsi alivyoweza kufumbua macho ghafla, akaandika sentensi chache zilizonyooka kabisa, kisha vidole vikamlegea juu ya kibodi. Sentensi hizo zisingengoja mtu.

Siku moja nilirudi shuleni mchana nikamkuta ameketi, macho yanang'aa. Mkononi alikuwa na disketi, yale mabamba madogo ya plastiki tuliyokuwa tukihamishia mafaili. Alisema amekumbuka kwamba humo kuna programu ndogo aliyoinakili chuoni zamani, ambayo kazi yake ni moja tu: inaitazama diski, na ikiona haijaguswa kwa muda fulani, inaiambia ipumzike. Kompyuta inabaki imewaka, lakini diski inasimama. Ukigusa kitu, inaamka.

"Halafu sura inayofuata ya kitabu ni ya kuingiza na kuondoa programu," alisema. "Kwa hiyo wewe ndiye mwanafunzi wangu. Kaa hapo, nitasema, wewe utaandika. Ukikwama ndipo nitajua nimeandika vibaya."

Nilimwambia sijawahi kugusa kitu hicho zaidi ya kukipangusa vumbi. Akasema ndivyo anavyotaka.

Nikakaa. Nikaingiza disketi. Akanisomea amri herufi moja moja, huku amefumba macho, kama shehe anayemfundisha mtoto juzuu.

"Andika d, p, k, g. Herufi ndogo zote. Ruka nafasi. Weka kistari, na i ikigande. Ruka nafasi tena, halafu jina la faili kama linavyoonekana. Usikosee hata nukta. Sasa bonyeza Enta."

Nikabonyeza. Mashine ikatoa mstari mmoja wa Kiingereza.

"Imekataa," nikasema.

"Imekuambia nini?"

"Inasema sina ruhusa."

"Ni kweli huna. Hapo umeingia kama mgeni, na mgeni hahamishi samani za mwenye nyumba. Inabidi kwanza ujitambulishe kama mwenye nyumba." Akaniambia amri ya kufanya hivyo, s na u, kisha akaniinamisha karibu na mdomo wake akaninong'oneza neno la siri, ingawa chumbani hapakuwa na mtu mwingine. Pumzi yake ilinuka vidonda. Niliandika neno lile, halikuonekana kwenye kioo, nikadhani nimekosea. "Hapana, halionyeshwi," alisema. "Na hilo nalo niliandike. Wengi wakikataliwa, wanadhani wamekosea. Hawajakosea, hawajajitambulisha tu."

Tukarudia amri ya kwanza. Mara hii mistari ikapanda juu ya kioo, mmoja baada ya mwingine, kisha kistari kikarudi kupepesa kimya kimya. Nikauliza kama imeharibika. Akasema hapana, ukiona haijasema kitu ujue imekubali. Kisha nikafungua faili dogo la mipangilio na kuandika sekunde mia sita, maana yake diski ikikaa dakika kumi bila kazi ilale.

Tukaanza kubishana juu ya neno. Yeye kwenye rasimu alikuwa ameandika "kusimika programu." Nilimwambia kusimika ni kwa nguzo na machifu. Akasema basi "kufunga programu," kama fundi anavyofunga pampu. Nikamwambia mwanafunzi atadhani anaambiwa aizime. "Kupachika?" akauliza. Nikacheka, naye akacheka, kicheko kikageuka kikohozi, na nikashika beseni mpaka kikapita. Alipopata pumzi alisema, "Andika kusimika. Wenye neno bora watarekebisha."

Tulikuwa bado tunazungumza mlio ulipoanza kushuka. Ulishuka kama mashine ya kusaga inapovuliwa mkanda, ukapungua, ukakoma. Chumba kikawa kitupu. Nilimsikia mama akichochea kuni nyuma ya nyumba, na mbali zaidi nilisikia maji ya mto yakipita mawe. Mdogo wangu aligeuka akaelekea ukutani, na kabla sijaondoa disketi alikuwa amelala. Alilala hadi adhana ya magharibi.

Mama aliingia na bakuli la uji, akasimama. "Mmeizima?"

"Hapana mama. Imelala."

"Nayo inalala?" Aliitazama kwa muda. "Ingelala tangu siku ile ya kwanza."

Baada ya hapo tulipata kipindi ambacho sitakiita kizuri, ila kilikuwa na mpango wake. Asubuhi mama alimwogesha na kumpaka mafuta ya nazi mgongoni pale ngozi ilipoanza kuchubuka. Mimi nilirudi shuleni mchana, nikala, nikaketi mezani. Mwanzoni aliandika mwenyewe nami nikasoma. Baadaye vidole vilianza kufa ganzi, akawa anasema na mimi naandika. Nilijifunza kufungua faili, kuhifadhi, kunakili, kutafuta neno ndani ya sura nzima, yote kwa amri, na kila nilipokosea aliniambia niandike kosa lenyewe chini ya sura, kwa sababu wengine watakosea hivyo hivyo.

Watu walipungua. Mwalimu mwenzake mmoja wa Mzumbe alikuja Jumamosi na machungwa. Alisimama mlangoni na hakuketi, ingawa nilimpangusia kiti. Walisemezana habari za chuo na wanafunzi wapya. Alipoondoka mdogo wangu akaniambia, "Huyo ndiye niliyekuwa nalala naye chumba kimoja tulipokuwa masomoni." Kisha akaomba tuendelee na sura tulipoachia.

Nyama ilizidi kumtoka. Koo lilijaa utando mweupe, na ikafika siku ambayo hata uji ulishuka kwa machozi. Mama alipanda mlimani kutafuta majani aliyoyajua, akarudi amelowa mvua, akayachemsha, akamnywesha kwa kijiko. Yalimsaidia siku chache, au alitwambia yamemsaidia.

Wakati huo huo nilianza kusikia kitu kingine. Diski ilipoamka haikuamka kama mwanzo. Ilikuwa ikikwaruza kwanza, ikisita, kisha ndipo ikashika mwendo. Na haikuwa ikilala muda mrefu. Tulikuwa hatuigusi, lakini ilizinduka yenyewe, ikazunguka, ikalala, ikazinduka. Mchana kutwa ilikuwa hivyo. Nilidhani mimi peke yangu ndiye niliyegundua, kumbe yeye pale kitandani alikuwa akiifuatilia.

"Unaisikia?" aliniuliza.

"Naisikia."

"Kuna kitu ndani ya mfumo kinaandika kumbukumbu zake mara kwa mara. Kila kikiandika, kinaiamsha. Ningeweza kukitafuta nikakizuia, lakini..." Aliinua mkono, akautazama, akaurudisha. "Diski changa haijali. Hii ni nzee, kinachoiua ni kusimama na kuanza upya. Ikizunguka tu bila kusimama inaweza kwenda hata miaka. Iondoe ile programu, dada."

"Na usingizi wako?"

"Kitabu kimo humo."

"Nimekuuliza usingizi."

"Nimekusikia."

Nilimwambia tusubiri kidogo, tunakili kwanza kitabu kwenye disketi. Akasema tutafanya yote mawili, lakini kuondoa kwanza, kwa sababu kila inapokwaruza anahesabu kwamba hiyo ndiyo ya mwisho, na hesabu hiyo nayo haimwachi alale. Mama alikuwa ameketi mlangoni akichambua mchele. Alisema bila kuinua kichwa, "Mtoeni mwenzenu huko chumbani, hilo debe. Likae sebuleni lipige kelele zake. Kwani yeye anaandika tena?"

Ilikuwa kweli. Kwa majuma kadhaa yeye hakuwa amegusa kibodi. Mimi ndiye niliyekuwa nikiandika. Meza ilibaki pale kwa sababu hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kusema kwamba haihitajiki. Mama alisema, kisha akaendelea na mchele wake.

"Mama amesema sawa," mdogo wangu alisema baadaye.

Nikaketi kuiondoa ile programu. Safari hii hakunisomea. Alisema nifuate sura yenyewe kama ilivyoandikwa, yeye atasikiliza. Nikajitambulisha kama mwenye nyumba, nikaandika amri ile ile, ila mahali pa i nikaweka r. Nilitaja kila herufi kwa sauti. Mashine ikasema inaondoa, kisha ikanyamaza.

"Tayari," nikasema.

"Bado. Angalia lile faili la mipangilio ulilolibadilisha mwenyewe."

Nikatafuta. Lilikuwepo, na zile sekunde mia sita zilikuwemo kama nilivyoziacha.

"Ndivyo inavyofanya," alisema. "Ukiiambia iondoe, inaondoa programu lakini inakuwekea mipangilio, ikidhani ipo siku utairudisha. Ukitaka isibaki hata alama, unatumia P kubwa. Umeliweka hilo kwenye sura?"

Nilikuwa sijaliweka. Nililiandika hapo hapo, huku akinisahihisha maneno, kisha nikarudia amri kwa P kubwa na faili likatoweka. Namna hizo mbili za kuondoa tukazipa kila moja neno lake: ya kwanza tukaiita kuondoa, ya pili tukaiita kung'oa. Hatukubishana.

Siku hiyo hiyo nikamwita jirani akanisaidia kubeba meza na mashine hadi sebuleni. Chumba chake kikabaki na kitanda, ndoo na kiti cha mama. Sebuleni mlio ukaanza upya, mrefu, usiokoma, na kupitia ukuta wa matofali ulimfikia kwa mbali tu. Nikawa nakaa sebuleni naandika, mlango ukiwa wazi, naye ananisemea kutoka kitandani. Sauti yake ilipokwisha nguvu, mama alikaa katikati, mlangoni, akawa anapokea maneno na kunipa. Mama hakujua kusoma. Alisema, "Anasema ruka nafasi," na mimi nikaruka nafasi. "Anasema nukta." Maneno ya kompyuta yalipita mdomoni mwake bila kubadilika, kwa lafudhi ya mlimani, na sikuwahi kumwomba arudie.

Nilianza kunakili sura kwenye disketi, lakini disketi za dukani mjini nyingi zilikuwa mbovu, ukiandika leo kesho hazisomeki. Nikaagiza nyingine kwa mtu aliyekuwa anakwenda Dar es Salaam. Kabla hazijafika, umeme ulikatika. Ulikuwa wakati wa mgao na tulikuwa tumezoea, lakini zamu yetu ilikuwa bado. Mlio ulishuka ukakoma, na safari hii hapakuwa na programu iliyouamuru.

Umeme uliporudi, jua likiwa bado juu, niliwasha. Feni ikazunguka. Taa ya kijani ikawaka. Kioo kikaandika kwamba hakioni diski. Nikazima, nikawasha tena. Nikasikia mguno mdogo, kama mtu anayejaribu kuinuka akashindwa, kisha kimya.

Nilikaa palepale nikiwaza nimwambie au nisimwambie. Sikuhitaji kuamua. Alikuwa amesikia kimya.

Mama akaja mlangoni. "Anasema imekwama. Anakuita."

Nilipiga magoti kando ya kitanda. Alizungumza polepole, akipumzika katikati ya maneno. Alisema sahani zimegandana na kile kichwa kinachozisoma. Nizime umeme, nifungue boksi, nitoe diski bila kuchomoa nyaya ikiwezekana, niishike kiganjani ikiwa bapa, halafu nikiwasha, niizungushe kwa mkono mara moja, kwa ghafla, kama mtu anayefungua mfuniko uliokaza. Ikiamka nisiizime tena kwa lolote. Ninakili. Nianze na sura za mwisho, kwa sababu za mwanzo baadhi zimo kwenye disketi.

"Na isipoamka?"

Alifumba macho, nikaona bado anapumua.

Nilifungua boksi kwa bisibisi ya mume wangu. Diski ilikuwa ndogo kuliko nilivyodhani, nzito, baridi. Mama alisimama kwenye swichi. Nikamwambia awashe, nikaizungusha kwa nguvu za mkono wote, na nikahisi ndani ya kiganja changu kitu kikiachia. Ikaanza kuzunguka. Ilitetemeka mkononi kama kifaranga. Sikuthubutu kuiweka chini. Niliishikilia kwa mkono wa kushoto, na kwa kidole kimoja cha mkono wa kulia nikawa naandika amri za kunakili. Mama aliingiza zile disketi chache zilizobaki nzima na kuzitoa, kila nilipomwambia.

Sura ya mwisho ilikubali. Iliyotangulia ikakubali. Ile ya kusimika na kuondoa programu ikakubali. Kisha ikaja sura ndefu ya katikati, ile aliyokuwa ameiruka, akaja kuiandika peke yake usingizi wa mchana ulipomrudia, na diski ikaanza kubofya, tik, tik, tik, na kioo kikajaa mistari ya makosa. Nikajaribu inayofuata. Ilibofya tu. Nikaishikilia hivyo hadi mkono ukafa ganzi, na ilipoacha kuzunguka sikuwa nimeizima mimi.

Nilirudi chumbani. "Imetoa sura tatu," nikamwambia.

"Zipi?"

Nikazitaja.

Nilidhani amesinzia. Kisha akasema, "Ya katikati ilikuwa nzuri." Akaomba maji. Mama akamlowesha midomo kwa pamba.

Hakuuliza tena habari za kitabu. Alikaa siku chache nyingine ambazo sina la kuzisimulia zaidi ya kwamba nyumba ilikuwa kimya na yeye alikuwa akilala sana. Alikufa asubuhi, mimi nikiwa nafunga mkoba niende shule. Mama ndiye aliyekuwa naye. Alitoka akasimama ukumbini akasema tu, "Usiende."

Tulimzika mlimani, kwenye ardhi ya ukoo wa mama, kama desturi yetu ilivyo. Njia ya kupanda ilikuwa na utelezi na wabebaji walibadilishana mara nyingi. Walimu wenzake walikuja na gari la chuo hadi pale barabara inapoishia, baadhi wakapanda, wengine wakabaki kwenye gari. Watoto wake hawakuletwa. Babu yao alituma salamu kwamba safari ni ndefu na wana mitihani.

Baada ya arobaini nilipeleka disketi mjini, kwenye duka la kuchapa barua, nikalipia zichapwe karatasini. Kwa bahati sura za mwanzo mbili zilisomeka, zile tatu zilisomeka. Katikati palikuwa na pengo. Nilijaribu kuliziba kwa yale niliyoyakumbuka, maana nilikuwepo alipoyafafanua mengine, lakini sikuwa na maneno yake. Nikaandika nilichokijua na kuacha nisichokijua. Likizo ilipofika nilibeba bunda lile hadi Dar es Salaam kwa wachapishaji.

Wa kwanza alikuwa kwenye jengo ambalo zamani lilikuwa shirika la umma lililochapa vitabu vya shule. Sasa ghorofa ya chini paliuzwa simu za mkononi. Mzee aliyenipokea alisoma kurasa kadhaa akiwa amesimama, akaketi, akasoma zaidi. Akasema zamani wangekichapa bila kuuliza. Sasa hawachapi kitu bila mtu wa kukigharimia. Wa pili alikuwa kijana mwenye ofisi yenye kiyoyozi. Yeye hakufungua. Aliuliza kwanza kimeandikwa kwa lugha gani.

"Kiswahili," nikamwambia.

"Mwalimu, samahani. Mtu anayejifunza kompyuta anataka aonekane anajua Kiingereza. Kiswahili kwenye mambo haya hakiuziki."

Nilimwambia mwandishi wake amefariki. Akasema pole, na nadhani alimaanisha. Alinisindikiza hadi kwenye ngazi.

Nilifika Bigwa jioni. Mama alikuwa bado hajarudi mlimani. Alikuwa akisema kila juma kwamba ataondoka juma lijalo. Alikuwa ameketi barazani na sufuria ya mihogo miguuni. Alilitazama bunda nililolipakata.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Wamesemaje?"

"Wamesema hakiuziki."

Alisogea akanipa nafasi kwenye mkeka. "Kaa basi," akasema, "ule kabla haijapoa."